Miti ya Maharusi Juu ya Tuta

Pikapu ilipoiacha lami, dereva alizima redio na kuniomba niushike mlango wa upande wangu, kwa sababu kitasa chake kilikuwa kimechoka na maisha.

"Sasa jikaze, mgeni," alisema. "Kichwa kikigonga bati mara ya kwanza, tuko nusu ya njia. Kikigonga mara ya pili, tumefika."

Kiligonga mapema kuliko alivyoahidi. Njia ilipita bondeni, kwenye nyumba za matofali zilizojengwa kandokando ya kijito, nguo zikianikwa mpaka juu ya maji, kisha ikaanza kupanda kilima kwa kona kali. Sikujua hasa nilikuwa wapi. Nilichokuwa nacho ni maneno ya mtu niliyekaa naye kwenye chumba cha kusubiri ndege, katika nchi nyingine kabisa. Ndege yetu ilichelewa, mazungumzo yakatuishia, tukafika mahali pa kuulizana nani alijifunzia wapi kuogelea. Yeye akasema, "Kwa Bi Kasia," halafu akacheka peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyeondoka akakuacha umekaa na mwili wake. Nimeshavuka mipaka kwa sababu hafifu kuliko hiyo.

"Unamfahamu Bi Kasia?" nilimuuliza dereva.

"Namfahamu? Ni shemeji yangu yule. Mke wa marehemu kaka. Tumetukanana tangu siku ya harusi yao na hatujagombana hata siku moja." Aliingiza gia kwa mikono miwili. "Ila umekuja mwaka mbaya. Au mzuri, sijui. Mwulize mwenyewe. Mimi nikisema, atanipa chai isiyo na sukari."

Bwawa lilijitokeza ghafla baada ya kona ya mwisho. Halikuwa kubwa, mtu mwenye mkono mzuri angerusha jiwe likaangukia katikati. Pande zote lilikumbatiwa na kilima, isipokuwa upande wa bondeni, ambako lilizuiwa na tuta la udongo lililovaa majani, refu kupita paa la nyumba. Juu ya tuta miti ilisimama mstari mmoja, minene kwa myembamba, ya kila aina, kama watu wa foleni wasiofahamiana. Ukingoni palikuwa na vyumba vya wageni vyenye milango ya rangi mbalimbali, mashua zilizolazwa kifudifudi, na ubao wa masharti ulioandikwa kwa rangi nyeupe: USIOGELEE UKIWA UMESHIBA. USIOGELEE UKIWA UMELEWA. USIMCHEKE ANAYEJIFUNZA.

Mwanamke mfupi mwenye mabega mapana kama ya mpakuzi wa mizigo alikuwa anapaka rangi moja ya mashua zile. Hakuiweka brashi chini.

"Karibu. Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Maji hayana habari na kidogo. Unajua au hujui?"

"Najua."

"Haya. Lile boya usilipite hata hivyo. Na wewe shemeji, mbona umemtikisa mtoto wa watu mpaka kichwa kimejaa vumbi?"

"Barabara ndiyo iliyomtikisa. Mimi nilikuwa nimeshika usukani tu."

Kasia halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata majini, kwa kupiga makasia na kwa kuwapiga nayo wakorofi, na miaka ilipopita hata ndugu zake wakaliacha lile la kwanza. Hadithi yenyewe alinipa jioni hiyo hiyo, tumekaa kwenye ngazi za chumba chenye mlango wa kijani, yeye akijisugua rangi vidoleni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa tingatinga katika kampuni iliyojenga ile barabara. Shamba hili alilirithi kwa baba yake likiwa korongo tupu, halioti kitu. Msimamizi wake akamruhusu kulitumia tingatinga siku za Jumapili, mradi Jumatatu lirudi limeoshwa. Hakuna mtaalamu aliyeulizwa. Alisukuma udongo, akaukanyaga kwa minyororo ya mtambo, akasukuma tena. Chini akaacha bomba la kufungulia maji, na pembeni akachimba mfereji wa kutolea yale ya ziada wakati wa mvua.

"Mimi nilidhani ni kwa ajili ya ng'ombe," Bi Kasia alisema. "Kumbe mwenzangu anataka mashua! Mtu hajui kuogelea, mimi sijui kuogelea, yeye anataka mashua. Nikamwambia, baba wewe, tutazikwa na nguo zikiwa zimelowa."

Lakini bwawa lilipojaa, aliyeingia majini ni Bi Kasia. Aliingia kwa hofu ya kumpoteza yule mwanamume, ambaye alikuwa tayari anazunguka katikati ya maji ndani ya mashua ya mbao aliyoigongelea misumari mwenyewe. Alijifunza akiwa amelalia dumu tupu kifuani, akipiga miguu kama chura, kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Alipoweza kulivuka bwawa bila dumu, akaanza kuwafundisha wengine.

Kisha wakaja watu. Walikuja makarani na wauguzi, mafundi magari ambao kucha zao zilitakata siku hiyo tu, walimu walioleta wanafunzi na kuwa wa kwanza kuogopa. Walileta redio za kaseti na magodoro ya kuotea jua. Palikuwa na boti moja ya kukanyaga kwa miguu iliyokuwa ikivuta kushoto, hata uikanyage vipi, na hiyo ndiyo iliyogombaniwa kuliko zote, kwa sababu wawili waliopendana walipata kisingizio cha kuchelewa kurudi.

"Walikuwa wanarudi giza linaingia," alisema, "wamechoka hoi, wananiambia, Bi Kasia, boti yako mbovu. Nawaambia, naona. Hata shati umelivaa kinyume kwa ajili ya ubovu wa boti."

Hapo ndipo ulipoanza mtindo wa miti. Maharusi waliofikia pale baada ya harusi yao walipanda mti juu ya tuta kabla ya kuondoka. Mumewe aliupenda mtindo ule. Kila mtu alikuwa anajua kwamba mizizi hushika udongo, basi nini bora kuliko tuta linaloshikwa na ndoa za watu? Bi Kasia aliijua miti yote kwa wenyewe. Ule mwembamba ulikuwa wa mwashi na muuza maua, waliogombana usiku wa kwanza kwa sababu ya chandarua. Ule uliopinda ulikuwa wa karani mmoja wa benki aliyeupanda peke yake, bibi harusi akiwa amekaa ndani ya gari na madirisha amefunga, anaogopa vyura. "Wana wajukuu sasa," alisema. "Na bibi bado anaogopa vyura."

Wageni walikuwa wamepungua. Mjini kulikuwa na madimbwi ya kuogelea yenye vigae na dawa, na vijana walitaka maji yanayoonyesha chini yake. Lakini Bi Kasia aliendelea kupaka rangi mashua, na kila likizo ya shule binti yake, muuguzi aliyeishi mji mkuu, alileta watoto. Wote walikuwa wameshafundishwa kuogelea pale, ila wa mwisho. Zamu yake ilikuwa likizo iliyokuwa inakuja.

Asubuhi iliyofuata nilielewa kwa nini dereva aliogopa kunyimwa sukari. Alikwenda barabarani na kurudi na mwanamke kijana aliyevaa buti na kofia ngumu, injinia wa ofisi ya maji. Aliyekuwa amemwita ni yeye shemeji, bila kumwambia mwenye bwawa.

"Msaliti," Bi Kasia alisema.

"Shikamoo nawe," alijibu shemeji yake.

Tulitembea wote juu ya tuta. Injinia alikuwa na fimbo ndefu ya chuma, na kila baada ya hatua chache alisimama na kuangalia: shimo la panya, ufa kwenye majani, mahali ambapo tuta lilikuwa limeshuka kidogo kama godoro la zamani. Bi Kasia alimsimulia ndoa moja baada ya nyingine. Msichana alisikiliza kwa adabu. Walipofika kwenye kisiki kilichooza, akasimama.

"Na hapa, mama, palikuwa na nini?"

"Mkwe wangu."

Injinia akamtazama.

"Mti wa binti yangu na mumewe," Bi Kasia alisema. "Yule bwana alipomrudisha mwanangu nyumbani na watoto na mabegi, kama mtu anayerudisha chupa tupu dukani, nilichukua shoka."

"Aliukata mpaka mpini ukavunjika," shemeji akaongeza. "Tulimsikia kule bondeni. Tukasema, afadhali, Bi Kasia anajenga."

Injinia hakucheka. Alichutama kando ya kisiki, akaisukuma fimbo taratibu. Iliingia kama inaingia kwenye uji. Aliichomoa, akaitazama ncha yake, akaifuta kwenye majani, kisha akaomba apelekwe chini, upande wa bondeni, kwenye mguu wa tuta.

Huko ndiko kulikuwa na fahari nyingine ya Bi Kasia. Ilikuwa kiangazi, kilima kizima kimekauka rangi ya mkate, lakini chini ya tuta palikuwa na bustani ya mboga yenye kijani cha kuumiza macho. Mchicha ulimfikia mtu kiunoni.

"Nani anaimwagilia?" aliuliza injinia.

"Haimwagiliwi. Inajimwagilia. Nusu ya watu wa bondeni wanakula hapa bure."

"Tangu lini?"

Bi Kasia alifungua kinywa ajibu kwa furaha, kisha nikamwona anahesabu kichwani. "Tangu... kama mwaka mmoja hivi baada ya mkwe."

Injinia alivua kofia. Alizungumza polepole, na kwa heshima, kama mtu anayempa mgonjwa majibu ya vipimo. Mti ukiwa hai, alisema, mizizi inakunywa na inashika. Mti ukikatwa, mizizi inaozea ndani ya tuta, na kila mzizi unaooza unaacha mrija mtupu. Maji hayana haraka. Yanapapasa mpaka yapate mrija. Yale yaliyokuwa yananywesha bustani yalikuwa yanatoka bwawani, yanapita katikati ya tuta, kwenye njia iliyochimbwa na mizizi ya mkwe. Bomba la chini lilikuwa limeganda kwa kutu, halifunguki. Na zile mbao zilizoziba mfereji wa maji ya ziada, nani aliziweka?

"Bila mbao mashua zinakwaruza chini," alisema Bi Kasia.

"Ziondoeni leo, mama. Na maji yashushwe, yote, kabla ya mvua. Kisha tuta likatwe katikati, lisiweze kukusanya maji tena."

"Nisiposhusha?"

"Bwawa lako ni dogo. Kwa ukubwa huu sina nguvu ya kukulazimisha. Ni mali yako. Naweza kukuomba tu." Aligeuka akatazama nyumba za matofali, ambazo kutoka pale zilionekana karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa. "Ila likipasuka usiku wa mvua, wale hawatakuwa na muda wa kutafuta viatu."

"Nyumba zile hazikuwepo marehemu alipojenga."

"Zipo sasa."

Kwa mara ya kwanza Bi Kasia alionekana mzee. Aliuliza kama wangeweza kusubiri likizo ipite. Injinia alifikiri, kisha akampa kipimo. Kila asubuhi achote maji yanayotoka kwenye mguu wa tuta kwa chombo cheupe. Yakiwa safi, yanapita tu, na siku zipo za kujipanga. Yakiwa na udongo, basi yanalila tuta kutoka ndani.

"Siku hiyo, mama, usinisubiri mimi. Watoe watu kwanza."

Mbao ziliondolewa mchana huo, na maji yakapungua kiasi cha kiganja. Baada ya hapo tukaingia katika siku za beseni. Lilikuwa beseni jeupe la bati lenye ukingo wa buluu. Bi Kasia alishuka nalo kila asubuhi, akarudi nalo limejaa, akaliweka katikati ya meza kati ya mkate na chai, na sote watatu tukainama kulitazama kama watu wanaotafuta pete.

"Safi," alisema yeye.

"Safi," alikiri shemeji. "Hata mimi naona meno niliyobaki nayo."

Mchana alinichukua kwenye mashua. Alinirekebisha jinsi ninavyoshika kasia, akanitukana kwa upole. Alinionyesha mahali mumewe alipoangukia siku ya kwanza, akavutwa nje kwa ukosi. Alinionyesha jiwe ambalo watoto walilitumia kurukia, mpaka likalainika kama sabuni. Nimeishi katika miji mingi na kuacha vyumba vingi bila kugeuka, na nilimwonea wivu mtu ambaye kila pembe ya mahali pake ilikuwa na mtu ndani. Siku moja alizama akaibuka mbali, upande ule wa boya, akapiga kelele, "Mjukuu nitamwanzisha hapa! Hapa kuna mchanga!" Alikuwa anaihesabia likizo siku kama mtoto mwenyewe.

Mawingu yalianza kukusanyika kuelekea mwisho wa juma. Asubuhi moja alichelewa kurudi kutoka bustanini, na aliporudi beseni lilikuwa tupu, amelibana kwapani.

"Vipi?" aliuliza shemeji.

"Safi."

"Ushahidi uko wapi?"

"Nimeuoshea uso. Nawe ungeosha wako, tungekula kwa amani."

Shemeji akacheka, akajimiminia chai. Mimi nikacheka pia. Bi Kasia hakugusa mkate. Alikwenda kupaka rangi mashua, akapaka ubavu ambao ulikuwa umekwisha kupakwa na kukauka.

Saa za mchana alikuja mwanamke wa bondeni, waliyemwita Mama Pacha, amebeba kikapu cha kutilia mboga. Alikaa katika nyumba ya kwanza kabisa chini ya tuta, ile ya nguo zilizoanikwa juu ya kijito, na alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka. Nilikuwa kivulini, shemeji alikuwa anaosha gari. Bi Kasia alikuwa amekwisha kumchumia fungu, anamfungia kwa ugwe.

"Mvua hiyo inakuja," alisema Mama Pacha. "Dada yangu kule kilimani ananiambia, hamwogopi kulala chini ya maji ya watu? Nikamwambia, we, maji yale yana mwenyewe. Bi Kasia yuko juu. Pacha wangu wanalala wanakoroma kama wazee."

Mikono ya Bi Kasia ikasimama kwenye ugwe.

"Mama Pacha," alisema. "Leo usilale pale."

"Eh?"

"Chukua watoto uende kwa dada yako. Na njiani mgongee kila mlango. Waambie watoke."

"Kuna nini, mama?"

Bi Kasia alipaza sauti, ili na shemeji yake asikie. "Asubuhi maji yalikuwa na udongo. Mekundu. Nimeyaona, nikayamwaga, nikaja hapa nikasema safi."

Mpira wa kuoshea gari uliendelea kumwaga maji peke yake.

"Ukayamwaga?" alisema Mama Pacha.

"Niliyamwaga."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya likizo."

Mama Pacha aliweka kikapu chini, taratibu, kama kina mayai. "Kesho nitakuja kukutukana," alisema. "Leo nina kazi." Akakunja gauni, akaishuka ile njia mbio, na kabla hajafika chini tulimsikia anaita majina ya watu.

Shemeji hakutania. Alifunga bomba, akampigia injinia simu, kisha akawasha pikapu kwenda kuwabebea wazee wa bondeni.

Injinia alifika na lori la mipira, ile myeusi minene ya kuvutia maji, na wanaume kadhaa wa bondeni wakapanda kusaidia baada ya kuhamisha familia zao. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mipira inajazwa maji, inazibwa pande zote mbili, inapitishwa begani mwa tuta, mbali na kisiki. Ncha moja inazamishwa bwawani, nyingine inateremshwa kijitoni chini ya ile ya kwanza. Ukizibua zote, maji yanajivuta yenyewe, yanapanda na kushuka bila pampu. Ncha ya bwawani ilibidi ifungwe jiwe na kupelekwa kwenye kina. Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyejua kuogelea.

"Miaka yote hii mnakaa chini ya bwawa langu," alisema Bi Kasia, akivua kanga ya juu, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kujifunza."

Aliingia na mashua, akaifikisha mpaka kwenye boya, akateremka majini na ncha ya mpira mkononi. Alizama. Nilimwona injinia ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alipoibuka alikuwa amewahi kuzibua, na chini kijitoni maji yakatoka kwa mngurumo, yakapiga mawe, watu wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Akarudi kuchukua mpira wa pili, na wa tatu. Alipomaliza hakutoka mara moja. Alilala chali juu ya maji, mikono ameinyoosha, masikio ndani, na hakuna aliyemwita.

Mvua ilinyesha usiku huo, nyepesi. Tuta likastahimili. Maji ya beseni yalikuwa mekundu asubuhi iliyofuata, na ya pili yake mkondo wa mguu wa tuta ukawa mwembamba kama uzi, kisha bustani ikaanza kulegea majani.

Mama Pacha alikuja kama alivyoahidi. "Nimekuja kukutukana," alisema.

"Karibu, kaa," alisema Bi Kasia, akamvutia kigoda.

Alitukanwa kikamilifu, bila kukatiza, mpaka mwenzake akaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Kweli yote," akammiminia chai, na Mama Pacha akainywa akiwa bado amenuna, akaomba ya pili.

Bwawa liliposhuka lilianza kurudisha vitu. Ndara za mguu mmoja mmoja. Miwani. Kisigino cha kiatu cha harusi. Kofia ya shule, chupa, kijiko, bangili, meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuwa amewaambia wote kuwa yameibiwa. Bi Kasia alivifuata kwenye ukingo, kwenye udongo ulio mgumu tu, akavisuuza, akavipanga juu ya mgongo wa mashua aliyoimaliza kuipaka rangi. Alivishika kimoja kimoja na kunitajia watu.

"Huyu alikuwa anaimba vibaya. Huyu alikufa. Huyu alinidanganya kwamba kiatu amekiacha nyumbani, kumbe alikuwa anaogopa mama yake. Huyu simjui." Alirudi kwenye ile bangili. "Hapana, namjua. Ni yangu hii."

Shemeji alikuwa karibu, akachukua ile bangili, akaifuta kwenye shati lake na kumrudishia. "Kaka alikununulia nyingine," alisema, "akaniambia nisikwambie kwamba ni yeye aliyekufanya uidondoshe."

"Nilijua," alisema Bi Kasia. Haikumwingia tena mkononi. Akaiweka mfukoni.

Injinia alitutajia siku ambayo tingatinga lingekuja kulikata tuta. Miti ingeondolewa kwanza. Ile hai nayo ilikuwa imepandwa mahali pasipofaa, alisema, na yeye mwenyewe alikuwa anaonekana hapendi kuyasema hayo. Siku moja, pakipatikana udongo mzuri na mkono wa kufaa, lingeweza kujengwa tena bila miti. Bi Kasia alimshukuru, akamwita mwanangu, akamfungia mchicha wa mwisho. Kisha akampigia binti yake simu, akasema anakuja, yeye ndiye atakayekuja likizo hii.

"Husubiri kuona?" nilimuuliza.

"Nione nini? Tope?" Alikuwa anakunja mashuka ya wageni. "Mlio wa tingatinga, mwanangu, nilikuwa naupelekea chai. Nikiusikia hapa, nitachemsha maji. Halafu nitampa nani?"

Hapakuwa na mtu mwingine wa kubaki. Shemeji alipaswa kumpeleka mpaka mji mkuu, na alitakiwa mtu wa kukaa na funguo, kuangalia mipira, na kuwarudisha watu ambao wangekuja siku ya mapumziko na taulo zao za kuogelea. Mimi sikuwa na mahali nilipotarajiwa. Nikasema nitabaki.

"Wewe?" alisema Bi Kasia. "Huyu ambaye hawezi kukaa kwenye kiti kimoja chakula chote?"

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Kaa." Alinipa funguo, akanishika kifundo cha mkono pamoja nazo. "Tope likikauka juu, lile la katikati, litaonekana kama sakafu. Si sakafu. Mtu asikanyage, hata mtoto mwepesi, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Ukimwona mtu anaelekea huko, mpigie kelele. Asipokusikia, mtukane. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Tukana nikusikie."

Nikatukana, kwa lugha yangu ya tatu, ambayo ni nzuri kwa kazi hiyo. Alionekana kuridhika.

Mizigo yake ilikuwa michache: begi, kapu, na godoro la mjukuu. Shemeji alimfungulia mlango ule mbovu, akamfungia kwa kamba. Bi Kasia alikataa wapite njia ya mkato juu ya tuta. Alisema uzito wa gari ungelitikisa. Wakazunguka kilima, taratibu. Nilisimama nikawaona wanatokea chini, kwenye nyumba za matofali, ambako watu walikuwa wameanza kurudisha vitanda ndani. Pikapu ilisimama kwenye mlango wa kwanza. Ikasimama kwenye wa pili. Ilisimama kwenye kila mlango, na kila mara mkono mmoja ulitoka dirishani na mikono mingine ikaja kuushika, na sikusikia chochote, kwa umbali ule, isipokuwa honi ya shemeji aliyekuwa anamhimiza na kutukanwa kwa ajili hiyo.

Halafu barabara ikawachukua. Nyuma yangu mpira mmoja ulianza kukoroma. Maji yalikuwa yameshuka mpaka kwenye ncha yake na sasa ulikuwa unavuta hewa. Nikavua viatu, nikafuata ukingo mgumu kama nilivyoelekezwa, nikaenda kuuzamisha zaidi.